Mzigo Umekwama

Tangu nizaliwe sijawahi kuletewa mzigo mlangoni. Hapa Kigoma mzigo unakuja na basi, umefungwa kwenye boksi la biskuti, juu umeandikwa kwa maka peni BABA SHABANI STESHENARI MWANGA, na namba ya simu iliyofutika tarakimu moja kwa jasho la kuli. Wakibahatisha namba, unapigiwa: "Mzee, mzigo wako unatuzibia njia hapa stendi." Basi, hakuna salamu.

Ndiyo maana ile imeili iliponiita "mpendwa mteja", nikakaa sawasawa kwenye kiti. Eti kifurushi changu kimeshindwa kunifikia kwa sababu anwani yangu haikupatikana. Sasa hapo ningebishaje? Anwani yangu haijawahi kupatikana! Kwangu ukielekezwa unaambiwa fika pale ulipokuwa mwembe, halafu uliza. Nikawahurumia, masikini, wamezunguka na mzigo wangu jua lote hili. Na fomu ya kujaza wameniambatishia.

Mama Shabani alikuwa anapanga madaftari. "Umeagiza nini?"

"Sijaagiza."

"Sasa mzigo gani?"

Swali zuri. Lakini mwanamume akishashika mausi hashauriki.

Faili lilikuwa na ile alama nyekundu ya PDF, nikajua karatasi ya heshima. Kumbe jina lake kamili liliishia pdf, nukta, exe. Fundi ndiye aliyenieleza baadaye: Windows isipobadilishwa mpangilio inaficha huo mkia wa mwisho, na alama ya PDF ni sura tu, yeyote anaweza kuibandika. Yaani kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu inamsitiri mgeni mkia! Na exe si karatasi ya kusoma, ni programu. Ukiibonyeza umeshaiambia ingia, jisikie nyumbani.

Ikajisikia nyumbani. Kadi za harusi ya Ujiji, mitihani ya muhula, barua za vijana wanaoomba kazi, picha za pasipoti, vyote vikafungwa kimoja kimoja. Na flashi ninayotunzia nakala? Ilikuwa imechomekwa palepale ubavuni, nayo ikafagiwa. Kisha likatokea tangazo jekundu: lipa kwa Bitcoin ndani ya siku tatu, la sivyo ufunguo unapotea. Nikaenda kwa dada wakala wa pesa pale jirani. Akaniangalia. "Bitcoin? Hiyo laini gani, kaka?"

Fundi nilimpelekea kilo ya dagaa ili asinicheke. Akala dagaa, akacheka vilevile. "Baba Shabani, wenzako mwaka 2000 walitegwa kwa barua ya mapenzi. Kirusi kilitokea Ufilipino, kinasema nakupenda, watu wakafungua, kikajituma chenyewe kwa kila jina lililokuwa kwenye kompyuta zao." Nikamwambia hao angalau walikuwa na sababu, mimi nimeponzwa na boksi. Nikauliza mbona jina la mtumaji lilikuwa la kampuni? Akasema hilo ni kama jina la nyuma ya bahasha, kila mtu anaandika analotaka. Akanishauri nisilipe, maana mwizi hana risiti, unaweza kumlipa na ufunguo usiuone. Shauri la bure kabisa, hata ningetaka kulipa ningelipia wapi?

Akafuta kila kitu, akaanza upya. Kamati ya harusi wakaja kuuliza kadi zao. Hayo tuyaache.

Wiki hiyohiyo simu ikaita, namba ngeni. "Mzee, una mzigo wako hapa." Ahaa, safari hii kwa mdomo! Nikamtukana, nikamwambia mkia wake naujua, nikakata. Akapiga tena kesho yake, nikamzuia.

Siku ya tatu shemeji yangu anapiga kutoka Dar: vitenge vya dada yake vimefika? Mama Shabani akanigeukia taratibu.

Nikaenda stendi. Kijana anadai elfu moja kila siku iliyolala, na ya matusi juu. Nikalipa. Akanisogezea boksi la biskuti limezungushwa solotepu. "Fungua, mzee, uhakikishe."

Nikarudi hatua mbili. "Fungua wewe."