Andika hata sifuri

Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi jua linapiga utosini, mijakaranda imeshamwaga maua barabarani, na mimi nimekaa kwenye stuli nyuma ya nyumba, Katuba, shingo juu, daftari pajani. Mama jirani anayeuza makala, yaani mkaa, ng'ambo ya njia alivumilia siku tatu. Ya nne akaniuliza: "Papa, ile njo kazi gani?"

Nahesabu mwewe, mama. Na tai na vipanga, wakipita.

Alicheka mpaka akaegemea gunia. Kisha akanipiga na neno ambalo bado sijalijibu vizuri: nchi hii watu wake haijawahesabu tangu 1984, wewe unahesabu mwewe?

Ana haki. Sensa ya mwisho ya Kongo ni ile ya 1984, wakati tungali Zaire, na tarakimu zote tunazotajiwa leo kuhusu wingi wetu ni makisio. Lakini ndiyo maana nahesabu. Sisi tunajua ladha ya kukisiwa.

Huko ndege hawa wanakotoka, mambo ni mengine. Kila mwaka Ulaya inapoingia baridi, ndege wala nyama wanashuka kusini kwa makundi. Tai na shakivale hawapendi kupiga mabawa safari nzima. Wanapanda na hewa ya moto inayotoka ardhini, wakifika juu wanateleza mbele mpaka wapate hewa nyingine ya kupandia. Juu ya maji mapana hewa hiyo ni haba, kwa hiyo wanakwepa bahari na kusongamana kwenye vichochoro vya nchi kavu. Kimoja kiko Batumi, Georgia, kati ya Bahari Nyeusi na milima ya Kaukazi. Tangu 2008 kuna watu wanaokaa vilimani pale kuanzia mwezi wa nane mpaka wa kumi, na kwa msimu mmoja wanahesabu ndege zaidi ya milioni moja. Kundi likiwa bado linazunguka angani kama nzi juu ya samaki, hawajisumbui. Wanangoja lifike juu, lianze kutoka kwa mstari, hapo ndipo wanabofya vihesabio vyao.

Wengi wa wale milioni wanakuja Afrika. Kuna shakivale anayekula mabuu ya nyigu: anatoka misitu ya Ulaya, na wengi wa jamii yake wanamaliza miezi ya baridi katika misitu ya Afrika ya kati, Kongo ikiwemo. Basi mlangoni wanahesabiwa wakitoka, na huku wanakokaa karibu nusu ya mwaka hakuna anayewangoja na daftari. Hilo linaniudhi, sitaficha.

Rafiki mmoja msomi aliniambia bila mradi na bila pesa ya mradi ni kupoteza muda. Sikubaliani naye. Mwaka 1934 mwanamke mmoja wa Marekani, Rosalie Edge, alikodi mlima huko Pennsylvania ambako wawindaji walikuwa wakitungua vipanga kwa kujifurahisha. Akaweka mlinzi, na mlinzi akaanza kuhesabu. Miaka ilipopita, madaftari ya mlima ule, Hawk Mountain, yalionyesha kwamba tai wachanga wanazidi kupungua kati ya wakubwa. Ilikuwa DDT: dawa ya wadudu iliyofanya maganda ya mayai kuwa membamba hata yakavunjika chini ya mama. Marekani iliipiga marufuku 1972. Hakuna ambaye angejua tai wachanga wamekosekana kama asingekuwepo mtu aliyeandika walipokuwa wengi.

Ndiyo maana naandika sifuri. Wiki nzima ya sifuri inachosha, nakiri, na shingo inauma. Ila ukurasa mtupu na ukurasa wenye sifuri si kitu kimoja: wa kwanza unasema sikuwepo.

Namna yangu ni ya kimaskini. Nachora kwa macho mstari kutoka bomba refu la moshi la kiwanda mpaka mwembe wa jirani. Anayeukata kwenda kusini ni mmoja, akirudi namtoa. Mwewe wa sokoni ndio wanaonitesa, maana wanazunguka palepale kutwa. Hao naandika idadi kubwa niliyoiona kwa mara moja, basi. Darubini nimeazima, kwa sababu ya mdomo: mwewe mwenye mdomo wa njano ni wa Afrika hapahapa, mwenye mdomo mweusi huenda ametoka mbali sana.

Siku tamu ni ya inswa, yaani kumbikumbi. Mvua ya kwanza ikinyesha, zikaruka, watoto wote wanatoka na mabeseni, na juu yao mwewe wanazinyaka kwa makucha na kuzila wakiwa hewani. Siku hiyo hakuna anayeniuliza nafanya kazi gani. Wote tumetazama juu.

Jana ilikuwa hivyo. Kijana wa mama makala alisimama kando yangu, akahesabu kwa sauti, akafika kumi na mmoja. Mimi nilikuwa nimeona tisa. Tulibishana mpaka mama yake akamwita.

Nimeandika tisa.