Acheni Kwanza Nitembee

Jamani, mimi na hizi gemu za RPG, zile unazovaa uhusika wa shujaa ukazunguka na kupigana, zinazotengenezwa na mtu mmoja chumbani kwake, tumechoshana. Tumechoshana, lakini kuachana hatuachani.

Unafungua gemu ukiwa na hamu ya kushika upanga. Kioo kinakuwa cheusi. Maandishi meupe yanaanza kutoka, herufi moja moja, na kila herufi ina kelele yake: ti-ti-ti-ti. "Miaka elfu moja iliyopita, falme saba ziliishi kwa amani..." Unabonyeza yaende haraka, hayaendi. Utatajiwa falme zote saba, wafalme wake, fuwele walizogawana na vita vilivyozivunja hizo fuwele. Majina ya majirani tu yananishinda, leo nikariri la mfalme aliyekufa miaka elfu iliyopita, tena jina lenye koma juu na vistari viwili katikati?

Historia ikiisha, shujaa anaamka kitandani. Amepoteza kumbukumbu. Yaani mimi mgeni nimekaririshwa mambo ya dunia nzima, yeye mwenyeji hakumbuki hata anaitwa nani!

Na huyo shujaa unamjua. Mlikutana kwenye gemu nyingine kabisa, akiwa na jina jingine. Wengi wa hawa mafundi wanatumia RPG Maker, ambayo huja na picha zake, muziki wake, nyumba zake na watu wake, ili hata asiyejua kuandika programu aweze kutengeneza gemu. Jambo jema, sipingi. Ila lile toleo la MV la 2015 lina kijana wake anaitwa Harold, na watu hawataki kumpumzisha. Leo mwana wa mfalme, kesho muuza dawa, kesho kutwa ndiye muuaji wa baba yake mwenyewe, uso ule ule, nywele zile zile. Anachapa kazi kuliko mimi na sijawahi kusikia amelipwa.

Sasa tuingie pangoni. Kuna fumbo la kusukuma mawe. Jiwe linasukumwa, halivutwi. Likishabana na ukuta, toka nje uingie upya. Hilo ningelivumilia. Lakini kila ukienda hatua tatu nne kioo kinazunguka, muziki wa vita unalia: popo wawili. Unawaua. Ukirudi umeshasahau jiwe lilikuwa linakwenda wapi. Hatua mbili tena, popo. Unageuka tu, hujasogea, popo. Dada yangu alipita nyuma ya kiti akatazama, akauliza, "Hivi hao popo hawana kwao?"

Mwisho wa pango kuna bosi, yaani adui mkubwa kuliko wote. Nani? Popo. Picha ni ya yule yule mdogo, imevutwa mpaka imekuwa miraba miraba. Nampiga, anapungua damu 12. Zamu yake ikifika ananifyonza 400 na kujiongezea yeye hizo hizo 400, na mimi nikiwa mzima kabisa nina 380. Na mahali pa mwisho pa kusevu ni wapi? Kijijini. Kabla ya mawe.

Mtu ataniambia nisidharau kazi za watu. Sidharau hata kidogo. Yume Nikki ilitoka 2004, ya mtu mmoja anayejiita Kikiyama, kwa RPG Maker 2003. Unatembea ndotoni tu, hakuna anayekusimulia lolote, na watu wanaijadili hadi leo. To the Moon ya 2011 nayo ni ya RPG Maker, mapigano karibu hakuna, na ukiimaliza utafuta machozi upende usipende. Undertale ya Toby Fox, 2015, unaweza kuimaliza bila kuua kiumbe hata mmoja. Kwa hiyo vifaa havina kosa. Hao walijua nini cha kuacha.

Hawa wangu hawaachi kitu. Kuna kuvua samaki, kuna kufua vyuma, kuna kamari ya karata, kuna kuoa, kuna mvua inayonyesha mpaka ndani ya nyumba. Ila ukilala nyumba ya wageni, asubuhi ukitoka mlangoni unatokea juu ya paa, na kushuka hakuna. Samaki unao mfukoni, mke unaye, na uko juu ya paa.

Yule popo nikamshinda, msiniulize nilikesha kiasi gani. Nyuma yake mlango, nyuma ya mlango maandishi: "Mwisho wa Sura ya Kwanza. Asante kwa kucheza." Sura ya pili haipo. Zile falme saba sikuona hata moja. Nimeona kijiji na pango.

Kisha yakaanza kupanda majina. Hadithi: yeye. Ramani: yeye. Mapigano: yeye. Aliyeijaribu gemu: yeye mwenyewe. Ahaa! Mtu aliyeyapanga mawe kwa mkono wake, anayejua kwamba popo akimulikwa tochi anakufa papo hapo, tochi ambayo kumbe imo kwenye pipa la tatu nyuma ya nyumba ya mzee wa kijiji na hakuna kiumbe aliyenitajia, ndiye huyo huyo aliyekaa akacheza, akatikisa kichwa, akasema gemu hii ni nyepesi mno, hebu nimwongezee popo damu.