Mtoto wa ukurutu anataka mafuta kuliko tyubu

Mtoto akitokwa na mabaka kwenye mikunjo ya viwiko, mtaa mzima unageuka zahanati. Jirani anasema ni damu chafu, aogeshwe mwarobaini. Shangazi yake anasema minyoo. Mwingine anakataa, hayo ni maziwa ya kopo, na muuza duka la dawa anamaliza ubishi kwa kuweka juu ya kaunta tyubu moja ambayo, kwa maneno yake, "inakata kila kitu". Mimi ni mama wa mtoto mwenye ukurutu, yaani pumu ya ngozi, usio mkali, tunaishi Dar es Salaam, na msimamo wangu ni kwamba ukurutu mdogo unatunzwa nyumbani kwa mafuta mengi, na dawa kidogo inayopakwa kwa wakati wake. Kuumaliza kabisa hatuwezi. Utatulia, utarudi, utatulia tena, na watoto wengi hupata nafuu kadiri wanavyokua.

Hapo pa kurudi ndipo wazazi wengi tunaposhindwa. Tumezoea ugonjwa wa kumeza dozi ukaisha, kwa hiyo mabaka yakirudi tunasema dawa ile ilikuwa feki, tunatafuta nyingine yenye nguvu zaidi. Lakini kasoro iko kwenye ngozi yenyewe. Ni ukuta ambao saruji ya kati ya matofali imemomonyoka: maji ya mwilini yanatoka upesi, halafu sabuni, jasho na vumbi vinapata pa kuingilia. Ngozi inakauka, inawasha, mtoto anajikuna, ngozi inachubuka zaidi, mwasho unaongezeka. Kazi ya mzazi ni kuziba hizo nyufa kila siku, hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri. Hasa siku hizo.

Maelezo mengi ya ugonjwa huu yameandikwa na watu wanaotazama ngozi nyeupe, kwa hiyo wanakuambia utafute wekundu. Kwa mtoto wetu mweusi utasubiri wekundu huo mpaka uchoke. Utakachoona ni mabaka ya kijivu au ya kahawia iliyokolea, ngozi iliyokuwa ngumu kidogo ukiipitishia kiganja, na mara nyingi vipele vidogo vidogo vilivyokaa kwenye vinyweleo, tumboni na mgongoni. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni. Akikua huhamia mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Yakitulia, huacha alama, nyingine nyeusi zaidi ya ngozi, nyingine nyeupe. Hizo nyeupe ndizo zinazoleta balaa, kwa sababu watu huziita fangasi na kuanza kuzipaka dawa ya fangasi, au wanasema dawa aliyotoa daktari imemchubua mtoto. Alama huisha zenyewe baada ya miezi, mradi mabaka mapya yasiendelee juu yake.

Sasa mafuta. Watu hudhani ninaposema mafuta nasema yale ya kupaka asubuhi mtoto ang'ae aende shule. La. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto mmoja. Kile kikopo kidogo cha mafuta ya mgando ambacho familia nzima inakitumia mwezi mzima hakiwezi kufua dafu. Nunua kopo kubwa, la bei ya kawaida, lisilo na manukato wala rangi. Mafuta ya "watoto" yenye harufu nzuri mpelekee mtoto wa mwenzio mwenye ngozi ya chuma. Na usidanganywe kwamba lazima iwe krimu ya bei ya kilo kadhaa za nyama: utafiti mmoja wa Uingereza uliotolewa 2022, wenye watoto 550, ulilinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito, na hakuna aina iliyozishinda nyingine. Bora ni yale ambayo mtoto anakubali kupakwa na mfuko wako unayamudu. Kwa joto la Dar mafuta mazito sana humfanya mtoto avuje jasho, kwa hiyo wengine hupaka losheni mchana na mgando usiku. Kule Njombe au Arusha, Julai, mgando asubuhi na jioni hautamsumbua mtu.

Mafuta ya zeituni, ambayo kwetu Pwani yana heshima yake, siyapaki kwenye ngozi ya ukurutu. Yameonekana kudhoofisha utando wa ngozi. Ya nazi safi sina ugomvi nayo.

Kuoga ni mara moja kwa siku, dakika tano hadi kumi, maji ya uvuguvugu. Sabuni ipite makwapani, sehemu za siri na miguuni penye vumbi, kwingine maji yanatosha au sabuni laini isiyo na harufu. Sabuni za dawa zinazojitangaza kuua vijidudu hukausha mno. Dodoki lifungiwe kabisa, najua bibi hatapenda. Mkaushe kwa kumgusagusa na kanga ya pamba, kisha mafuta yapakwe hapohapo ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa kuteremsha kiganja kufuata vinyweleo vinakoelekea, bila kusugua. Tahadhari moja haisemwi vya kutosha: nguo na shuka zilizolowa mafuta ya mgando hushika moto kwa urahisi, basi mtoto akae mbali na jiko la mkaa na koroboi.

Nikija kwenye dawa, hapa ndipo hasira yangu ilipo. Mabaka yakiwaka, mafuta peke yake hayatoshi, na dawa ya kwanza kwa ukurutu mdogo ni haidrokotizoni ya asilimia 1, iliyo dhaifu kuliko steroidi zote za kupaka, yaani dawa za kutuliza ngozi iliyowaka. Inapakwa kwenye mabaka tu, mara moja kwa siku, mpaka ngozi itulie, kisha unarudi kwenye mafuta yako. Kipimo chake ni rahisi: dawa iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kina mama wengi wanaiogopa hiyo, wanapaka tone moja siku mbili, wanaacha, mabaka yanarudi. Halafu haohao wanakubali tyubu ya mseto kutoka dukani, yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali kama betamethazoni, nyingine zina klobetasoli iliyo kundi la juu kabisa kwa ukali. Kwa kuwa muuzaji hakutamka neno steroidi, inaonekana salama. Mabaka yanayeyuka ndani ya siku chache, tyubu inasifiwa mtaa mzima, inapakwa mpaka usoni na ndani ya nepi. Ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inatokea, na kwa mtoto mdogo dawa huingia hadi kwenye damu. Tena kama kile hakikuwa ukurutu bali ni choa, steroidi inakificha sura huku kinasambaa. Mkorogo tumeupigia kelele miaka yote, lakini nyingi ya tyubu hizi ni ndugu zake wa damu, na tunawapaka watoto.

Chakula nacho kimesingiziwa mengi. Mtoto mwenye ukurutu mdogo ananyimwa mayai, samaki, dagaa, maziwa, karanga, mwisho anabaki na ugali na mchicha. Aleji ya chakula ipo, na mtoto anayevimba midomo au kutapika baada ya kula yai anahitaji daktari. Mabaka ya viwikoni pekee si sababu ya kumpunguzia lishe.

Usiku, kucha zake ziwe fupi, nguo za pamba, feni kama umeme upo. Piritoni humlaza mtoto, haiondoi mwasho wa ukurutu, basi isiwe desturi.

Kama watu wengine nyumbani nao wanajikuna usiku, na vipele viko katikati ya vidole, huo ni upele na mnatibiwa wote pamoja. Majimaji na magamba ya rangi ya asali yanaashiria bakteria, mpeleke hospitali. Malengelenge madogo yaliyokusanyika, yanayouma, pamoja na homa, usisubiri kesho: ni virusi vya hepisi vimeingia kwenye ukurutu. Na kama umepaka inavyotakiwa kwa wiki mbili bila nafuu, ulizia hospitali ya mkoa kama kuna tabibu wa ngozi. Chuo cha ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha matabibu hao tangu 1992. Ukienda, beba ile tyubu ya mseto uliyokuwa unatumia, hata kama imebaki ganda, maana jambo la kwanza wanalotaka kujua ni nini kimeshapakwa.