Chupa ina bei, kipakiti hakina

Baada ya mvua kubwa ya usiku Kisumu, simama kwenye kivuko chochote cha mto Auji pale Nyalenda uangalie kilichonasa kwenye majani. Utaona vipakiti vya sabuni ya unga, vya viungo vya mchuzi, vya krispi na biskuti, nepi, na vipande vya ile mifuko iliyokatazwa zamani. Mkebe wa soda hutauona. Boksi la katoni halipo. Chupa angavu ya maji utaipata moja moja, tena imepondeka au imejaa tope. Vingine vyote vilishaokotwa kabla hakujapambazuka, vikatiwa kwenye gunia na kusukumwa kwa mkokoteni hadi kwa mwenye mzani.

Mjadala wetu kuhusu kurejeleza vifungashio ungeanzia hapo, lakini kwa kawaida unaanzia kwenye mabango. Wako wanaosema urejelezaji ndio dawa: tenganisha taka, peleka kiwandani, Ziwa Victoria litapona na vijana watapata kazi. Wako wanaosema ni kiini macho cha wenye viwanda, wanaotaka kuendelea kufyatua plastiki huku sisi tukishikwa mkono na kufundishwa kutumia mapipa ya rangi. Nimewasikia wote wawili kwa miaka, na kila upande unasema kweli kuhusu taka fulani huku ukinyamazia taka nyingine.

Nianze na wanaotetea, kwa sababu hoja zao zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kuyeyusha alumini iliyotumika kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayotumika kuitoa kwenye madini. Ndiyo maana mkebe hauchelewi barabarani. Kioo kinaweza kuyeyushwa na kufinyangwa tena na tena bila kuchoka. Plastiki nayo, malighafi yake hatuitengenezi Kenya. Inaingia kwa meli bandari ya Mombasa, ikiwa imetokana na mafuta na gesi za nchi nyingine. Kila kilo ya chupa iliyosagwa na kutumika tena ni kilo ambayo haikuagizwa, na hewa chafu ambayo haikupanda angani.

Hata hivyo, faida hizo za angani mtu wa mitaa kama Obunga au Manyatta hapa Kisumu hazioni. Faida anayoiona ni kupungua kwa moshi. Taka isiyo na mnunuzi huchomwa jioni, nyuma ya nyumba au kando ya barabara, na moshi wa plastiki iliyochanganyika na nepi na maganda ndio wanaouvuta watoto wakifanya kazi za shule. Chupa iliyouzwa haichomwi, wala haizibi mtaro. Huo ni ushindi mdogo lakini wa kweli, na watu wanaobeza urejelezaji wakiwa mbali na moshi huo hawautilii maanani.

Halafu kuna ziwa. Utafiti uliochapishwa 2016, uliochunguza mbuta na ngege walionunuliwa soko la Mwanza, ulikuta plastiki matumboni mwa takriban samaki mmoja kati ya watano. Mwanza ni Tanzania, lakini maji ni yale yale yanayopiga ufuo wa Dunga, Kisumu. Nakuru hali ni ngumu zaidi kwa sababu ya umbo la nchi yenyewe. Jaa la Gioto liko juu, kwenye miteremko ya Menengai, mji uko katikati, na Ziwa Nakuru liko chini kabisa. Ziwa hilo halina mto unaotoka. Victoria angalau inapumua kupitia Nile pale Jinja. Nakuru, kinachoingia na maji ya mvua kinabaki humo pamoja na heroe na viboko, kwenye ziwa ambalo tangu 1990 liko katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani.

Sasa tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Kwenye yadi ndogo za mitaani, akina mama huketi na visu vifupi wakichana lebo. Chupa angavu zinawekwa upande huu, za kijani na kahawia upande ule, kwa kuwa zenye rangi zina bei ya chini. Chupa ya mafuta ya kupikia inawekwa kando kabisa, maana mafuta yanaharibu rundo zima. Zikishasagwa, chengachenga hutiwa kwenye pipa la maji, na hapo kunatokea jambo ambalo halihitaji mashine: vipande vya chupa vinazama, vipande vya vifuniko vinaelea. Ni plastiki mbili tofauti, moja nzito kuliko maji, nyingine nyepesi. Unachota za juu kwa chujio, za chini unazianika. Mtu ambaye hajawahi kusikia neno polima anatenganisha polima kwa pipa na chujio, na anafanya hivyo vizuri.

Lakini angalia pia maji ya lile pipa. Ni ya kijivu, yana gundi, sukari na vumbi la plastiki, na yakimalizika kazi yanamwagwa mtaroni. Hapo wapinzani wana haki ya kuuliza tumesafisha nini na tumechafua nini.

Hoja yao kubwa ni ya hesabu. Watafiti waliopiga hesabu ya plastiki yote iliyowahi kutupwa duniani kufikia 2015 walikuta ni asilimia 9 tu iliyorejelezwa. Nyingi ya iliyobaki iko kwenye majaa au imetapakaa. Tena plastiki si kama kioo. Chupa ya maji mara nyingi hairudi kuwa chupa; inakuwa nyuzi za kujazia mito na magodoro, na ukimaliza kulilalia godoro hilo hakuna anayejua la kulifanya. Umbali nao una gharama. Kutoka Kisumu hadi viwanda vya Nairobi ni kilomita 350 hivi. Lori la chupa zisizofungwa marobota linabeba hewa, na dizeli ya kubeba hewa hadi ng'ambo ya milima ya Mau inakula faida ya muuzaji na faida ya mazingira kwa pamoja. Nakuru, iliyo karibu nusu ya njia, inapata afueni. Busia na Bungoma haziipati.

Hivi vyote ni vya kweli. Ila naona pande zote mbili zinazungumzia chupa, na chupa ndiyo taka yenye unafuu. Piga hesabu ya mwokotaji. Chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa kati ya 50 na 100. Ni kuinama mara nyingi, lakini inawezekana, na kuna mtu wa kununua. Kipakiti cha krispi au cha sabuni kina gramu moja au mbili. Kilo moja ni vipakiti 500 hadi 1000, na ukifika nazo kwenye mzani broka anakuangalia tu. Kipakiti hicho ni tabaka za plastiki tofauti, pengine na utando wa alumini, zilizogandishwa pamoja. Lile pipa la maji haliwezi kuzitenganisha, na viwanda vyetu haviwezi kwa bei yenye maana. Hakuna semina ya kutenganisha taka itakayobadilisha hilo. Mama mmoja Kondele aweza kuweka vipakiti vyake kwenye mfuko safi mwaka mzima. Mfuko huo utaishia jaani vile vile.

Ndiyo maana sishangilii sana maonyesho. Machi 2021 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilianza safari ya Ziwa Victoria kutoka Kisumu. Lilipendeza, na watoto waliolishika mbao zake za plastiki hawatalisahau. Ila jahazi si soko.

Wapo wanaosema basi tuhamie karatasi. Watu wa Kenya magharibi tungekuwa wa mwisho kudanganyika na hilo. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichofunguliwa miaka ya sabini na kufungwa 2009, kililea familia nyingi, lakini muulize aliyeishi hapo kuhusu harufu, na kuhusu maji ya mto Nzoia chini ya kiwanda. Karatasi inaoza, hilo ni kweli na ni jambo kubwa. Kuitengeneza bado kunakula miti, maji na kemikali. Mfuko wa khaki wa mandazi ukishalowa mafuta hauna mnunuzi pia.

Turudi kwenye sheria, kwa sababu ndiyo inayoweza kukipa kipakiti bei au kukiondoa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 28, 2017, yenye faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo, ilionyesha kwamba kifungashio kinaweza kutoweka madukani kwa muda mfupi. Mifuko mingine inaingia kwa magendo kutoka Uganda, na pale soko la Kibuye muuza nyanya bado anaweza kuichomoa chini ya meza akikuamini. Hata hivyo miti na nyaya za ua hazijafunikwa na majuala kama zamani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ilikwenda mbali zaidi: nyumba na biashara zitenganishe taka za kuoza na zisizooza, kaunti zijenge vituo vya kuchambulia, na mzalishaji awajibike kwa kifungashio chake hata baada ya kukiuza. Kanuni za wajibu huo wa mzalishaji zilitoka 2024.

Wenye viwanda wanasema gharama hiyo itamwangukia mnunuzi, na hawasemi uongo. Kumbuka ushuru wa mazingira uliokuwemo kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, ulioanguka pamoja na mswada wote baada ya maandamano ya Juni. Watu hawakuwa wanapinga usafi. Walikuwa wamechoka kulipa. Lakini gharama ya kipakiti ipo tayari. Analipa aliyefurikiwa Nyalenda mtaro ulipoziba, analipa mvuvi, inalipa kaunti inayokodi matingatinga kusukuma taka jaani. Tofauti ni kwamba hawa hawakuulizwa.

Kuna njia ya tatu, na tunaisahau kwa kuwa haina mbwembwe. Ni kreti ya soda. Kila muuza duka Kenya anajua: ukitaka soda ya chupa ya kioo unaacha chupa tupu au pesa yake. Hakuna aliyehitaji kampeni ili arudishe. Chupa iliyopotea ni hasara ya mtu mwenye jina, kwa hiyo haipotei. Ukienda Nakuru utakuta pia ATM za maziwa, ambako mtu anakuja na chupa yake, anaweka sarafu na kuchukua kiasi cha pesa aliyonayo, na mashine kama hizo ziko za mafuta ya kupikia. Kifungashio ambacho hakikutengenezwa hakihitaji kurejelezwa.

Nisiupambe mfumo huu kupita kiasi. Kioo ni kizito na kinavunjika, kukiosha kunahitaji maji moto na soda kali ya kuoshea, na mwenye kibanda cha mita mbili kwa mbili hana pa kuweka kreti. ATM ikikosa usafi, maziwa yanaharibika. Umeme ukipotea, hakuna biashara. Kampuni za vinywaji zilihamia plastiki kwa sababu chupa ya plastiki hairudi, na kisichorudi hakihitaji lori la kukirudisha.

Vipi kuhusu kupiga marufuku vipakiti kabisa? Tanzania ilifanya hivyo kwa pombe za viroba Machi 2017, na Uganda ikafuata kwa zake 2019. Kwa pombe naafiki mara moja. Kwa sabuni na mafuta nasita. Uchumi wa kadogo, wa kununua kidogo kidogo, si ushamba. Mtu anayelipwa kwa siku ananunua kwa siku. Ukimwondolea kipakiti cha shilingi 10 bila kumwekea ATM karibu, umemwambia anunue chupa ya bei asiyoweza, ama akae bila.

Kwa hiyo msimamo wangu si wa katikati sana. Chupa angavu, mkebe na katoni waachiwe waokotaji na mabroka. Wanachohitaji ni mashine za kufunga marobota, glavu na buti, na mahali pa kuoshea penye shimo la maji machafu. Pesa za wazalishaji zielekezwe kwenye kile kisicho na bei: kila kilo ya vipakiti inayofika kwenye mzani Kisumu, Nakuru au Kakamega ilipiwe hapo hapo, kwa fedha za mzalishaji, hadi imlazimu abadilishe kifungashio kuwa cha plastiki moja inayoweza kusagwa. Akiona inamgharimu zaidi kununua taka yake kuliko kubuni upya, atabuni.

Nimeambiwa kwamba bei ikiwepo, taka za Uganda zitavuka Busia kuja kupimwa kwetu. Huenda. Mifuko iliyokatazwa imekuwa ikivuka mpaka huo huo bila mtu kutulipa, kwa hiyo hilo halininyimi usingizi. Linalonitia wasiwasi ni hesabu za tani. Kampuni ikiruhusiwa kutimiza wajibu wake kwa tani za plastiki yoyote kutoka popote, itanunua chupa angavu za Nairobi na Mombasa, ambazo zingeokotwa hata bila sheria, na kujaza fomu. Hesabu isipodaiwa kwa kila kaunti na kwa kila aina ya kifungashio, wajibu utatimia kwenye ripoti bila kipakiti kimoja kuokotwa upande huu wa Mau Summit.