Ng'ambo mbili na ubao wa Mark II

Kwetu Tabora, Ng'ambo ni mtaa. Ukimwambia bibi wa Isevya kwamba unaishi ng'ambo, atakuuliza nyumba ya nani. Mimi naishi ng'ambo ile nyingine, Leeds, Uingereza, mwaka wa 11 huu, na nina ugonjwa ambao wengi wetu tunao: tukirudi likizo, wa kwanza kusemwa ni fundi. Hana vifaa, ana haraka, bisibisi moja inafanya kazi zote. Kauli hiyo naifuta leo, angalau kwa upande wa mbao za ndani ya gari, maana huko ndiko nilikoumbuka.

Leeds nina Mercedes W124 ya mwaka 1992. Usiniulize kwa nini. Ubao wake wa ndani ni mti wa kweli, utando mwembamba usiofika milimita moja, na juu yake vanishi nene iliyopasukapasuka kwa jua na uzee kama tope la mbuga mwezi wa Oktoba. Nikaulizia kwa jamaa anayefanya kazi hiyo tu, akanitajia paundi 450. Nikajifanyia mwenyewe. Watu wa huku wanasifiwa kwa kujifanyia kazi, lakini wengi wetu si kwa kupenda. Mkono wa mtu huku una bei kuliko kitu chenyewe.

Kazi ilinila wiki sita. Unaanza na sahani ya majivu, kwa kuwa skrubu zimejificha nyuma yake, kisha unabandua kipande kimoja kimoja kwa vijiti bapa vya plastiki ambavyo havichubui. Vanishi ya zamani niliipuliza kwa hewa ya moto mpaka ikalegea, nikaikwangua, ikawa inatoka vigae vigae vyenye rangi ya asali yetu ya Sikonge. Msasa namba 240, halafu 400, mkono mwepesi, maana ukikandamiza umeshatoboa mti. Tabaka la kwanza la vanishi mpya likageuka jeupe kama mtindi: ilikuwa Februari, kwenye banda la baiskeli, na unyevu uliingia kabla halijakauka. Nikahamia jikoni kwenye joto. Jirani wa ukuta mmoja akapenyeza karatasi chini ya mlango kulalamikia harufu. Hakugonga. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka minne na jina lake silijui.

Agosti nikaenda nyumbani, vijiti vyangu vya plastiki kwenye begi, mdomo mbele. Kaka yangu ana Toyota Mark II Grande, ile GX100. Ubao umechubuka, na mlango wa dereva unagongagonga kwa sababu gereji fulani ilipokuwa inatengeneza kioo ilivunja klipu tatu, vile vishikizo vya plastiki vya nyuma ya paneli, ikairudisha paneli kwa skrubu mbili za bati, zimetobolewa hivi hivi zinaonekana. Nikacheka sana. Nikamwambia kaa pembeni, nikuonyeshe.

Kutoa, nilitoa vizuri. Nilichomoa betri nikasubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa dashibodi, ili ile mifuko ya hewa ya ajali isije ikafyatuka, na hakuna klipu hata moja iliyokatika. Tatizo nilisahau kwamba ubao wa Mark II si mti. Ni plastiki iliyovishwa picha ya mti, na juu ya picha kuna klia, ile vanishi isiyo na rangi. Nikasugua kwa mazoea ya Mercedes, nikaenda kunywa chai, niliporudi nikaitazama vizuri paneli ya swichi za vioo: kona nzima imekuwa plastiki tupu, rangi ya udongo. Mti nimeufuta.

Kwa aibu nikapuliza klia hivyo hivyo, chini ya mwembe wa uani. Kwanza vikafunguka vitundu vya duara, macho ya samaki, kwa sababu kaka kila Jumamosi anapaka ile dawa ya kung'arisha dashibodi. Ina silikoni, na rangi haikai juu ya silikoni. Halafu maua ya mwembe yakaanza kudondoka, Agosti ndiyo wakati wake. Halafu upepo na vumbi. Watu watano walikuwa wamekaa kwenye benchi wananitazama tangu asubuhi, kila mmoja na ushauri wake, na mzee mmoja akauliza kwa upole kabisa kama huko Ulaya hii ndiyo kazi inayoniweka mjini.

Ndio hao hao walionipeleka kwa fundi samani, Ng'ambo ya mtaa. Nikamwamkia, akaishika paneli, akaigeuza juani.

"Kaka, hii unaitaka lini?"

"Hata leo jioni," nikasema.

Akacheka. "Ndiyo maana."

Hilo neno lilinichoma kuliko karatasi ya jirani. Leeds nilijipa wiki sita kwa kipande kisichozidi rula ya shule, na hakuna aliyehesabu saa zangu. Tabora nampa mtu mchana mmoja na elfu kumi, nasimama kichwani kwake na simu mkononi, halafu plastiki iliyokaushwa na jua miaka 20 ikivunjika klipu nasema hajui kazi. Klipu yenyewe mjini haipo, inaagizwa Dar ije na basi, na nani kati yetu amewahi kumwambia fundi asubiri basi? Skrubu za bati ni jibu la swali letu sisi. Bado zinaniudhi, sikatai.

Nikamwachia siku nne. Aliosha paneli kwa sabuni, akafuta kwa spiriti mara tatu, akarudia msasa. Pale nilipofuta mti akapaka rangi ya kahawia iliyofifia, akaacha ikauke, kisha akachukua unyoya wa kuku, akauchovya kwenye rangi ya mbao iliyokolea na kuchora mistari mmoja mmoja huku akitazama paneli ya mlango wa pili. Kifundo kimoja akakiweka kwa ncha ya kidole. Leeds ningeagiza paneli nyingine mtandaoni. Siku ya kupuliza aliniita saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo haujaamka, akamwaga ndoo mbili za maji chini ili vumbi lilale. Klia nyembamba, anangoja, nyingine, anangoja.

Mlango hauna tena kelele. Kwenye kopo langu la vipuri vya Mercedes zilipatikana klipu tatu zilizokaribiana, zikachongwa kidogo zikaingia. Wiki iliyopita kaka kanitumia picha ya ndani ya gari. Ubao wote ameufunika kwa nailoni, na utepe wa karatasi wa kubandika pembeni, usije ukachubuka.