Msimsahau Rimbaud

Mwandishi wa makala moja kuhusu Patti Smith, mwimbaji wa roki wa Marekani, anasema alijifunza kuandika kwa mwimbaji mwenzake Bob Dylan. Sawa, lakini amemwacha nje Arthur Rimbaud, mshairi Mfaransa wa karne ya 19, na bila yeye albamu ya Patti ya 1975, Horses, haieleweki. Patti mwenyewe amesimulia kwamba akiwa na miaka 16, huko Philadelphia, alikichukua kitabu cha mshairi huyo bila kulipa kwa sababu hakuwa na senti 99. Hebu sikilizeni wimbo "Land" wa albamu hiyo: unaanza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia gizani, kisha maneno yanashika kasi, gitaa linayafuata, na jina la Rimbaud linaitwa waziwazi. Hata Dylan alimtaja Rimbaud pamoja na mshairi mwenzake Paul Verlaine katika wimbo wake mwaka huohuo. Na mwanamuziki Tom Verlaine wa bendi ya roki iitwayo Television, jina lile alilitoa wapi kama si kwa mshairi huyo?

Kinachonigusa zaidi ni kwamba Rimbaud aliacha ushairi akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, akaja kuuza kahawa Harar, Ethiopia. Katika barua zake kwa familia alitaja mara kadhaa nia ya kwenda Zanzibar. Hakufika. Alifariki Marseille mwaka 1891.