Soma lebo ya kiti kabla ya bei

Makala yenu imelinganisha viti vya watoto vya gari kwa bei na kilo tu. Lebo ya rangi ya chungwa imeachwa, na ndiyo yenye habari. Kiti chenye R129, yaani kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa ya usalama wa viti hivi, kimepimwa pia kwa kugongwa ubavuni. Cha R44, kanuni ya zamani, hapana. R129 hutaka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15, maana kichwa ni kizito na shingo bado laini: gari likigonga kwa mbele, mgongo wa kiti ndio unaopokea nguvu. Kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi.

Ila kiti bora kikifungwa vibaya hakisaidii. Kikandamizeni huku mkivuta mkanda wa gari, kisha mkitikise pale mkanda unapopita: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Barabara za mawe ya lava hapa Goma zinatikisa sana, basi rudieni kila safari. Mkiweza kukunja mkanda wa mtoto kwa vidole penye bega, bado umelegea. Koti zito livuliwe kwanza, hata asubuhi ya baridi. Blanketi ikae juu ya mikanda. Na kiti kilichokwisha kupata ajali msikinunue, hata kama plastiki haina ufa.